Mzee wa Chini Anahamia Ukunda

Hamburg

Dada yangu, pamoja na wote wa hapo Msambweni,   nimeamua kuandika barua kwa sababu zile sauti za WhatsApp mnasikiliza mwanzo tu, nikifika kwenye habari ya kiwanja mnanizima.

Jipya la huku: jirani yangu wa chini, yule mzee wa Kijerumani, anahamia kwetu. Alipokuwa kijana alikuwa akija Diani kuota jua, na mpaka leo tukikutana kwenye lifti huniimbia Jambo Bwana ya Them Mushrooms, saa moja asubuhi, nje baridi ya kukata masikio, mimi nimeshika takataka zangu za plastiki (za karatasi zina siku yake). Sasa kapata nyumba Ukunda. Nikamtisha kwa foleni ya feri ya Likoni. Akanijibu kwamba siku hizi watu wanapita barabara ya Dongo Kundu, bila feri. Mjerumani ndiye wa kunipa mimi habari za Dongo Kundu! Nikamwambia basi ajihadhari na tumbili, akisahau dirisha la jikoni wazi, ndizi si zake. Akazidi kufurahi. Mpaka zile ngazi za kamba walizofungiwa mbega juu ya barabara ya Diani, wavuke bila kugongwa na matatu, anazijua. Sisi tulipokuwa tukienda chuoni nani alitufungia kamba?

Anasema anatafuta utulivu. Ndiye huyu aliyenigongea mlango Jumapili natwanga kisamvu, maana huku Jumapili ni marufuku kelele, hata kutoboa ukuta. Nikamalizia kutwanga juu ya godoro. Mkimwona, msimwambie habari za bodaboda wala ngoma za harusi. Atazikuta.

Mimi nimekuwa mtu wa bandari tangu nilipopanda meli Kilindini kama mpishi: Jeddah, Dubai, Rotterdam, mwisho hapa. Huku ukihamia nyumba, una wiki mbili uwe umejiandikisha ofisi ya mtaa. Karani anakupigia muhuri, jina lako linabandikwa kwenye kengele ya mlangoni, na kuanzia hapo kila anayekudai anakupata.

Siku niliyopigiwa muhuri niliwakumbuka Wamakonde wetu. Wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mkonge na miwa ya Ramisi, wakazaa, wakapata wajukuu, na vitambulisho hawakuwa navyo. Hakuna benki, hakuna kura, polisi akikusimamisha njiani huna la kuonyesha. Mpaka Oktoba 2016 walipofunga safari kwa miguu kutoka Kwale kwenda Ikulu, Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta akaamuru wapewe vitambulisho kabla ya Desemba, na 2017 wakatangazwa kabila la 43 la Kenya. Watu waliozikana na sisi, tukacheza nao mpira, walilazimika kutembea hadi Nairobi kuthibitisha kwao ni wapi. Mimi mgeni wa juzi nilipewa karatasi na karani ambaye hata hakuinua macho.

Lakini muhuri ni muhuri tu. Hapa nikikosa msiba hakuna wa kuninunia. Hapo nikikosa arobaini ya mtu, Mjomba ananitaja mbele ya watu mwaka mzima, na simu hapokei. Kwa hiyo kwangu ni hapo, nimeshaamua, na tafadhali msianze kunihesabia miaka.

Sasa kiwanja. Sisi Wadigo tunajua mjomba akisema hiki chako, ni chako. Lakini picha mliyonitumia ina mbuzi, na banda, na banda lina bati jipya. Mwambieni Mjomba namheshimu sana, nazi aendelee kuangua, ila mbuzi wawe wamehama kabla ya Ramadhani. Fundi akija, mlango utazame bahari. Kinu changu nimempa yule mzee awaletee, mkipokee.