Ifeli Mbele ya Shahidi

Laptopu yangu ilianza kuugua kwa adabu. Vilitokea kwanza vistari vyembamba vya zambarau upande wa kulia wa kioo, vikakaa kidogo, vikaondoka bila kuaga. Baadaye vikarudi na ndugu zao, vikagawana kioo kizima, na nafasi iliyobaki ikajaa mirabamiraba ya rangi ambazo hata wachora kanga hawajathubutu kuzichanganya. Hatimaye kioo kikawa kinazima chenyewe huku feni inavuma na taa inawaka. Mimi ni mwalimu wa Jiografia. Kilichozimika humo ndani ni mtihani wa muhula wa kidato cha pili, umebakiza swali la ramani.

Shemeji yangu, aliyeileta mashine hiyo kutoka Dubai na ambaye huijulia hali kabla ya kunijulia mimi, alisema ni virusi. Kwa shemeji kila kitu ni virusi. Hata friji yetu iliwahi kuwa na virusi.

Fundi wa Kariakoo, huko ghorofani Mtaa wa Aggrey, hakuhitaji kuitazama sana. "Mwalimu, chipu ya picha imeachia. Naipiga moto, unaondoka nayo." Akaifungua, akatoa mazabodi, akaivika karatasi ya fedha ile ya kufungia chakula, akaacha kidirisha kimoja cha ukubwa wa stempu, na kwenye kidirisha hicho akapuliza hewa ya moto huku mkono wa pili umeshika kikombe cha kahawa. Alinieleza ugonjwa wenyewe vizuri kuliko mimi ninavyoeleza mmomonyoko wa udongo. Chipu imekalia mamia ya vitone vya lehemu. Mashine ikifanya kazi, inapata joto, inatanuka. Ukiizima, inapoa, inasinyaa. Tanuka sinyaa, tanuka sinyaa, mwishowe vitone vinapata ufa na umeme unakosa njia. Alikuwa pia na kesi yake na Wazungu: tangu Julai 2006, Umoja wa Ulaya ulipobana matumizi ya madini ya risasi kwenye vifaa vya umeme, lehemu, kwa maneno yake, imekuwa kali na haina uvumilivu.

"Ila ikirudi, unarudi," alimalizia. Ni dhamana fupi kuliko zote nilizowahi kupewa, na ndiyo pekee iliyotimia neno kwa neno.

Mpwa wangu wa chuo ndiye aliyegundua kwamba kampuni iliyotengeneza laptopu imeshakiri. "Mamdogo, hii kasoro ni yao! Wanatengeneza bure, ilimradi serial namba yako iwemo na isipite miaka minne tangu iuzwe." Namba yetu ilikuwemo. Miaka minne ilikuwa inakaribia kwa mwendo wa kasi.

Nikajiuliza mbona sikuwahi kusikia. Agosti 2006, Dell ilipozirudisha betri milioni 4.1 zilizotengenezwa na Sony kwa sababu zingeweza kushika moto, habari zilienea dunia nzima. Julai 2008 Nvidia ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za laptopu zilizokuwa zinakufa. (Yangu ilitoka kwa watu wengine kabisa, ila ugonjwa ni wa ukoo mmoja.) Nilichojifunza ni kwamba kitu kikiweza kuunguza nyumba, kampuni inakutafuta. Kikifa kimyakimya, unaitafuta wewe. Na ukiipata, haisemi kasoro. Inasema idadi ndogo ya mashine huenda zikaonyesha dalili fulani katika mazingira fulani. Sijui idadi hiyo ndogo walivyoigawa duniani mpaka ikaifikia Mbagala.

Kituo chao cha huduma kilikuwa mjini, maeneo ya Posta, chenye kiyoyozi cha kutosha kuhifadhia samaki. Kijana wa kaunta alivaa tai, akanipa shikamoo, akanisomea utaratibu. Mashine itafanyiwa kipimo kwa programu iliyomo kwenye flashi. Ikifeli, inabadilishwa mazabodi bure. Ikifaulu, haina tatizo, na nitalipia ukaguzi.

"Na ikiwa imekufa kabisa, haiwaki?"

"Hapo haiwezi kufanya kipimo, mama."

"Kwa hiyo imefeli."

"Hapana mama, haijafanya. Isiyofanya haijafeli."

"Kwa hiyo, mwanangu, inatakiwa iwe mgonjwa lakini isife."

"Iwe na uwezo wa kufeli," alisema, kwa upole wa mtu aliyeyasema hayo kwa wengi.

Katika ualimu wangu nimewaombea wanafunzi mengi, sijawahi kumwombea mtahiniwa yeyote afeli. Siku ile nilimwombea. Nayo ikafaulu! Kioo kilitulia, picha zikang'aa, neno la kijani likatokea. Jino nalo ndivyo lilivyo, linakukeshesha usiku kucha halafu linapona ukikalia kiti cha daktari. Nikalipa ukaguzi, nikatoka. Kwenye daladala nikaiwasha, na vistari vya zambarau vikatokea kabla hatujaondoka kituoni.

Hapo ndipo mwalimu wa Jiografia alipoamka. Joto! Ugonjwa ni wa joto, na wale wanaupima kwenye jokofu. Mbagala mwezi wa Februari hatuna haja ya kipimo.

Safari iliyofuata nilijiandaa. Nikaiwasha nyumbani, nikaiwekea filamu ndefu ya mapigano, mwanga wa kioo mpaka mwisho, nikaifunika kwa kanga na kuikumbatia kifuani. Daladala lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Konda aliponiona akapaza sauti: "Jamani, mpisheni mama mwenye mtoto!" Kijana mmoja akainuka. Ningemweleza ukweli, lakini foleni ya Barabara ya Kilwa haina nafasi ya maelezo, na miguu ilikuwa inauma. Nikakaa. Dada wa pembeni akainyooshea kanga mkono, akasema mtoto ana homa, jamani, anachemka. Nikasema ndiyo, nampeleka. Tulipofika Mtongani mtoto akazima, akajiwasha upya, akapiga ile tarumbeta ya kompyuta inapoamka. Dada alinitazama mpaka Bendera Tatu bila kupepesa.

Pale kaunta yule kijana aliigusa, akarudisha mkono haraka. "Mama, hii tuiache ipoe kwanza."

"Thubutu!"

Akachomeka flashi huku ananiangalia kwa wasiwasi. Kipimo kikaanza. Kiyoyozi kikaanza kuishinda kazi yangu yote, namba zinapanda vizuri, naona kijani inakuja. Ndipo umeme ukakatika. Kiyoyozi kikanyamaza, laptopu ikaendelea na betri, na kabla jenereta haijapata nguvu joto la Dar es Salaam lilikuwa limeshaingia na kuketi. Kistari cha kwanza kikatokea kulia. Cha pili. Kisha mirabamiraba, kisha kijana akanong'ona, "Mama, inafeli," na neno jekundu likakaa katikati ya kioo.

Nilipiga kigelegele. Foleni nzima iligeuka. Baba mmoja mwenye begi jeusi akaniuliza, "Imepona?"

"Imefeli!"

"Hongera sana, mama."

Mazabodi mpya iliagizwa, ikachelewa, ikafika. Karatasi ya kazi ilionyesha bei yake, kubwa kuliko ya laptopu yenyewe, na chini yake kiasi ninachotakiwa kulipa: sifuri. Nilipouliza kama hii ina chipu tofauti na ile ya zamani, kijana aliitengeneza tai yake, akasema, "Ni mpya, mama." Fundi wa Aggrey nilipomsimulia, hakusema kitu, alinipa namba yake mpya ya simu.

Lakini siku ile ya kufeli, nilipokuwa natoka na kanga yangu begani, yule baba wa begi jeusi alikuwa ananingoja mlangoni. Yake ilikuwa imefaulu tena. Akatazama kushoto na kulia, akashusha sauti, akaniuliza kwa heshima zote kama ile kanga nauza au naazimisha.