Kesi Yangu na Katama Mkangi

Nina kesi na Katama Mkangi. Alifariki mwaka 2004, kwa hivyo hatafika kujitetea, lakini kesi ni kesi. Riwaya yake Walenisi, iliyotoka mwaka 1995, imeniharibia usingizi, mlo na, kama asemavyo mama watoto, tabia pia.

Niliuziwa na muuza vitabu vya mitumba hapa Machakos mjini, akiapa kwa jina la mama yake kwamba ni hadithi ya mapenzi. Mapenzi gani! Kuna jamaa anaitwa Dzombo, amehukumiwa kifo, na badala ya kunyongwa anatiwa ndani ya chombo na kurushwa angani akafie huko mbali. Hafi ng'o. Anakimudu kile chombo, anatua kwenye sayari ambayo haina mnyonge wala mnyonyaji, na watu wanasikilizana. Hapo ndipo nywele ziliponisimama. Chombo cha angani nakielewa. Watu wazima kusikilizana mpaka mmoja amalize kusema? Mimi nimezoea vikao vya harusi ambako mweka hazina hamalizi hata kusoma salio.

Shemeji yangu, mwalimu mstaafu, akanicheka. "Shemeji, hayo ya roketi waachie Wazungu." Waachie vipi? Mkangi ni mtoto wa Ribe, Kilifi. Pwani hiyohiyo, huko Ngomeni, Waitaliano walirusha setilaiti kwa roketi mwaka 1967, na tarehe 12 Desemba 1970 ikapaa kutoka pale setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru. Mtu wa Kilifi kuandika habari za roketi ni sawa na Mkamba kuandika habari za mlo wa muthokoi. Hata kufungiwa mahali hakusimuliwa na mtu: mwaka 1986 serikali ya Moi ilimweka kizuizini bila kumfikisha kortini. Miaka tisa baadaye akamtoa Dzombo kwenye mikono ya serikali kwa njia ya juu. Ningekuwa yeye, ningefanya vivyo hivyo.

Tena sisi wa Ukambani tunyamaze kabisa. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya kilo zipatazo 500, upana wake kama mita mbili na nusu, ilianguka kutoka angani kijijini Mukuku, kwa jirani zetu wa Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya likaja kuichukua, likasema ni kipande cha roketi. Sasa tangu nianze kitabu hiki, mabati yakigonga usiku natoka nje na tochi. "Baba, ni paka," mama watoto ananiambia bila kufumbua macho. Paka wa kilo ngapi?

Na maajabu yetu hayaishii angani: kuna Kyamwilu, hapa Machakos, ambako ukimwaga maji barabarani unayaona yakipanda mlima. Wataalamu wanasema ni macho yanadanganywa na umbo la ardhi. Sawa. Mfereji wangu umekauka tangu juzi, na hakuna mtaalamu aliyekuja kunieleza kama hilo nalo ni macho.

Sitamsifu Mkangi kupita kiasi. Watu wa sayari ile wanapenda kueleza mambo! Dzombo akiuliza jambo dogo, anapewa mhadhara mzima; utajua mwandishi alikuwa mhadhiri. Mahali pengine nilisinzia. Lakini nikiamka, nikiingia matatu ya Nairobi, nauli imepandishwa kwa sababu ya mawingu tu, makanga anatusukuma wanne kwenye kiti cha watatu na sote tumenyamaza, najikuta nimekasirika kupita mipaka. Zamani nilikuwa naona ni kawaida.

Na bado sijui mwisho. Kurasa za mwisho za nakala yangu zimenyofolewa, nahisi zilifungiwa njugu. Wewe msomaji mwenye Walenisi nzima, hebu niuzie. Bei tutaelewana, ila usinisimulie.