Mbiu ya Tembo na Punda

Ng'ambo ya bahari upo msitu mkubwa ambao kiti chake cha enzi hukaliwa kwa zamu na Tembo na Punda. Ni Marekani, na wanyama hao sikuwabuni mimi: Tembo ni alama ya chama cha Republican, Punda ya Democrat. Juu ya kiti hutundikwa mbiu, ndiyo tangazo la dharura ya kitaifa. Ikilia, maghala hufungwa, na aliyetajwa jina haruhusiwi kuchota hata punje aliyoiweka humo kwa jasho lake.

Wazee wa msitu waliwahi kuonja ubaya wa mbiu hiyo. Walipochunguza katika miaka ya sabini, walikuta iliyopulizwa 1933 haijashushwa, wala ile ya 1950. Watu walikuwa wamezaliwa na kulea watoto chini ya dharura ambayo hawakukijua chanzo chake. Mwaka 1976 wakatunga sheria: mbiu isiyopulizwa upya kila mwaka itakufa yenyewe, na kila miezi sita Baraza, yaani Bunge lao, liketi kupima kama hatari bado ipo.

Mbali kabisa, kusini mwa Afrika, kilikuwapo kijiji maarufu kwa ndege wake wa mawe. Mtawala wake alikuwa Kobe. Kobe alipigania uhuru wa kijiji, akapendwa, kisha akang'ang'ania kiti. Kuanzia mwaka 2000 mashamba yakatwaliwa kwa nguvu. Katika uchaguzi wa 2002 wapinzani walipigwa na kutishwa. Hayo yalitendeka, na asiyeyataja anawadhulumu waliopigwa. Tarehe 6 Machi 2003 Tembo akainua mbiu, akatangaza kwamba Kobe na wenzake ni tishio kubwa lisilo la kawaida kwa sera ya nje ya msitu wake. Majina 77 yakabandikwa langoni. Msitu wenye silaha kuliko wote duniani ukaingia katika hali ya dharura ya kitaifa kwa ajili ya Zimbabwe, nchi isiyo na bahari.

Mwaka ukaisha. Kasuku, karani wa ikulu, akaleta karatasi ileile, tarehe tu ndiyo mpya. Tembo akapuliza. Zamu ikaja ya Punda. Kasuku akaleta karatasi, Punda akapuliza. Siku moja Digidigi, mjumbe mdogo wa Baraza, akamfuata karani uani.

"Bwana Karani, huko kijijini kumetokea nini mwaka huu?"

"Yaleyale, Mheshimiwa."

"Nani amekwenda kuona?"

"Imeandikwa kwenye karatasi."

"Na karatasi umeitoa wapi?"

"Ni ya mwaka jana."

"Sheria inataka Baraza liketi kila miezi sita. Tuliketi lini?"

Kasuku akakunja mabawa. "Mheshimiwa, hakuna mjumbe aliyewahi kuuliza."

Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Kumwadhibu mtesaji ni haki. Lakini sharti la miezi sita liliwekwa ili adhabu isigeuke mazoea, na kwa miongo kadhaa Bunge la Marekani lililiacha likae kwenye vitabu tu.

Kule kijijini kwa Kobe aliishi Chozi, ambaye alikuwa na dada aliyehamia mbali, aliyetaka kumtumia punje za kununulia dawa ya mama yao. Chozi akaenda kwa Kicheche, mwenye duka la kubadilisha fedha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Najua jina lako halimo kwenye orodha. Lakini kijiji chako kimetajwa, na mimi siwezi kuhatarisha kibali changu kwa punje zako chache."

Ndivyo mabenki yalivyofanya. Orodha ilitaja watu wachache, lakini benki za nje zilizoogopa faini zilikata uhusiano na benki za Zimbabwe, na asiye na kosa akabeba mzigo.

Chozi akapanda hadi kwa Kobe kulalamika. Akajibiwa na msemaji wa ikulu: "Hujaisikia mbiu? Hiyo ndiyo iliyokula dawa ya mama yako." Basi kila kilichoharibika kijijini, hata kilichoibwa na wakubwa wenyewe, kikasingiziwa mbiu. Tembo na Punda walipata karatasi isiyowasumbua kufikiri, Kobe akapata kisingizio kisichokwisha. Wasiopata kitu walikuwa Chozi na mama yake.

Novemba 2017 Kobe aliondolewa na askari wake mwenyewe. Akatawala Mamba, na kweli Emmerson Mnangagwa huitwa Mamba kwao. Machi 2018 Kasuku akaleta karatasi. Agosti 2019 majirani wa jumuiya ya SADC walikutana Dar es Salaam, wakaiweka Oktoba 25 kuwa siku ya kupinga vikwazo hivyo. Septemba Robert Mugabe, ndiye yule Kobe, akafariki. Machi 2020 mbiu ikalia tena.

Ilishushwa tarehe 4 Machi 2024, baada ya miaka 21. Watu 11, Mnangagwa akiwamo, na kampuni tatu wakaingizwa kwenye orodha nyingine ya wanaotuhumiwa ufisadi na ukiukaji wa haki za binadamu. Orodha hiyo ipo chini ya mbiu ya 2017, nayo hupulizwa kila mwaka. Nakiri angalau humtaja mtu kwa matendo yake, bila kulibandika taifa zima langoni.

Iliyo kongwe kuliko zote bado inalia. Ilipulizwa Novemba 1979 dhidi ya Iran, ubalozi wa Marekani mjini Tehran ulipotekwa. Mateka 52 walirudi kwao Januari 1981, baada ya siku 444. Huenda zimekuwapo sababu nyingine tangu hapo. Basi zijadiliwe mchana kweupe. Novemba 2024 muda wake uliongezwa tena.

Sheria ya 1976 haijafutwa, na sharti la miezi sita bado limo. Wajumbe wa Baraza waketi, wamwite Kasuku na karatasi yake, na kabla ya mbiu yoyote kuguswa wamsikilize pia Chozi.