Koili, Sufuria na Pete ya Mama Mkwe

Pete ya mama mkwe wangu ilidondoka kwenye tuta la mchicha. Watu wengine wangeshika chekeche. Lakini sisi tunaishi Chunya, ambako dhahabu ya Lupa inatafutwa tangu miaka ya 1920, na mume wangu akaona aibu kupekua udongo kwa mikono. Ditekta ya metali ya kukodi nayo akaiona ghali. "Nitaunda yangu," akasema.

Kwanza ikatoweka sufuria ya wali. Niliikuta sebuleni imezungushiwa waya wa shaba wa mafundi wanaosuka mota, unene nusu milimita, mizunguko 25. Sufuria ina kipenyo cha sentimita 20, akanieleza kwa fahari, kwa hiyo koili itafika mikrohenri 300 hivi, na ndizo zinazotakiwa na saketi yake. Wali ungesubiri.

Koili ya namna hiyo hupewa pigo la umeme, kisha pigo hukatwa ghafla. Metali iliyo jirani hubaki na mkondo mdogo unaofifia, na koili ileile ndiyo inayousikia. Tatizo, husikia na yasiyoihusu. Ya kwetu ilikuwa ikigusa majani yenye umande, inalia. Dawa yake ni kuivisha foili. Akachukua ile ninayookea samaki, akaiviringisha hadi ncha zikagusana, na mashine ikawa bubu hata mbele ya shoka! Foili iliyofunga duara hugeuka mzunguko mwingine, ikalimeza pigo lote. Ikabidi aache pengo la upana wa kidole.

Alipoijaribu chumbani hali ilikuwa mbaya zaidi: mashine ililia bila kupumua, kwa kuwa tunalalia godoro la springi. Hapo sikumcheka sana. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell alipotafuta risasi mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani, springi za kitanda zilimvuruga vilevile.

Kisha akaja shemeji na ushauri wake: koili kubwa huona mbali. Ni kweli, ila kwa vitu vikubwa. Kipete chembamba huipita bila habari. Hilo hakulisema. Wakasuka nyingine kwenye beseni langu la kufulia, wakafukua jembe lililovunjika, mnyororo wa baiskeli na vizibo vya soda visivyo na idadi. Mchicha ukaisha. Mama mkwe akawatazama kutoka barazani.

"Mwanangu, mimi nimepoteza pete. Kaburi bado sijaliomba."

Kesho yake mume wangu akasuka koili ndogo kwenye kopo la maziwa ya mtoto, mizunguko ikiongezwa kwa kuwa duara limepungua. Hiyo ndiyo iliyolia, tena kando ya bafu la nje, mbali kabisa na tuta. Akachimbua kwa kijiko changu cha chai, akatoa pete ya dhahabu, akamkabidhi mama yake kwa mikono miwili.

Mama akaivaa. Ikapwaya.

"Hii si yangu," akasema, akanipa mimi.

Ndani ilikuwa na herufi za majina yetu. Ilikuwa pete ya ndoa ya mume wangu, ile aliyoporwa na kibaka mwenye kisu ndani ya basi la Mbeya.

Mama mkwe akavuta kigoda, akaketi. "Haya, baba. Hebu tusimulie tena habari za hilo basi."