Waridi la Mguuni

Jirani, mimi naishi Masaki. Tulia, usije kunikopa. Siyo ile ya Dar yenye mabalozi na viyoyozi. Hii ni ya Kisarawe, ya mihogo, mikorosho na bodaboda za kukulisha vumbi. Huku ukivaa kanzu mara mbili kwa wiki tayari unaitwa ustadhi. Hapo ndipo nilipoponzeka.

Shangazi kavimba mguu. Hospitali wakasema damu imeganda kwenye mshipa, isije ikapanda juu. Mwanawe yuko Maskati, dereva wa mzee mmoja wa Kiarabu, anaomba ruhusa aje. Tajiri anataka maelezo. Kwa Kiarabu. Ukoo mzima ukanigeukia mimi! Mimi niliyesoma madrasa kwa bakora, Yasini naishusha bila kupumua, ila ukiniuliza maana naanza kukohoa. Sasa ningesema sijui, ubwabwa wa maulidi ningeusikia kwa harufu tu.

Tatizo likaanzia kwenye mshipa wenyewe. Kwetu Pwani mshipa ni wa damu, mshipa ni wa fahamu, na mwanamume akisema anasumbuliwa na mshipa, watu wanatazama pembeni, maana hilo ni busha. Nikaogopa kumpeleka shangazi Uarabuni na busha. Ndipo nikakumbuka sura ya Qaf, mle umo mshipa wa shingo, unaitwa warid. Nikajiona profesa. Nikashika simu, nikarekodi sauti kwa mbwembwe zote.

Kumbe ile i ya warid inavutwa. Mimi kwa kiherehere sikuivuta, ikatoka ward, ambayo ni waridi hilihili la kupeleka kwa mchumba. Nikaongeza kwamba damu inaelekea kwenye moyo, yaani qalb. Sura yenyewe inaitwa Qaf, na hiyo qafu ndiyo koo langu la mihogo halina. Ikatoka kafu. Kalb ni mbwa.

Tajiri akampigia mtoto wa shangazi: mama yako kang'atwa na mbwa kwenye bustani ya maua?

Mpwa wangu, kidato cha pili tu, akachungulia simu yake mbele ya wageni wote. "Anko, vena inarudisha damu moyoni, ndiyo warid. Ateri inaitoa moyoni, ni shiryan. Vile vyembamba kama unywele ni shuayra." Mimi shuayra nilijua ni mashairi. Akanimalizia: Ibn al-Nafis, tabibu aliyefia Kairo mwaka 1288, alishaandika jinsi damu inavyotoka moyoni, ikapita mapafuni na kurudi. Bila bando!

Nikataka kurekodi upya nijisafishe. Shangazi akaninyang'anya simu. Tajiri katoa ruhusa, na juu yake katuma hela ya sindano za kichaa cha mbwa. Shangazi kasema nifunge mdomo mpaka aitoe kwa wakala.