Pangaboi la Sebuleni

Siku nilipolishusha pangaboi la sebuleni, mke wangu alisimama mlangoni na mwiko mkononi akauliza neno moja tu: "Litarudi?" Nikamjibu, kabla ya Jumapili. Sikutaja Jumapili ipi.

Ilikuwa Februari, Morogoro, joto la kukausha mate, na mgao wa umeme ulikuwa unatushukia kila magharibi. Hoja yangu naitetea hadi leo: pangaboi ukilipa umeme linazunguka, basi ukilizungusha litatoa umeme. Nikafungua mapanga, nikalifunga bumba lake la mota kwenye mbao, nikaipindua baiskeli yangu kuukuu miguu juu, nikavua tairi la nyuma. Kwenye ringi nikavisha mkanda wa tyubu uende ukalizungushe bumba. Pedali mzunguko mmoja, bumba mizunguko saba na ushei. Nikazungusha mpaka mikono ikatoka malengelenge.

Mita niliyoiunganisha kwenye nyaya zake ikasoma sifuri.

Fundi redio wa pale kona alicheka mpaka akaweka chini kifaa cha kulehemia. "Mzee, pangaboi halina sumaku. Zile koili husubiri umeme wa ukutani ndipo nazo zijifanye sumaku. Hivi lilivyo, unazungusha sufuria."

Kumbe jambo lenyewe Michael Faraday alishalionyesha London mwaka 1831: sumaku ikipita mbele ya koili, umeme huzaliwa kwenye waya, ikitulia, hakuna kitu. Nilijipa moyo nilipokumbuka kwamba yeye alianza kazi kwa kujalidi vitabu. Ila sijasoma popote kwamba alimvunjia mkewe redio.

Maana sumaku zilitoka kwenye spika. Mbili zilikuwa mbovu tangu zamani. Ya tatu ilikuwa inaimba taarabu asubuhi ile ile. Sumaku ya spika ni ngumu lakini haina uvumilivu. Niliigonga nyundo moja ikawa vipande sita, na kila kipande kikabaki sumaku kamili. Nikaitoa pete ya chuma iliyokuwamo ndani ya bumba, nikavibandika vipande mahali pake kwa gundi, nikazungusha. Mshale wa mita ukatikisika kama mtu anayesinzia ibadani, ukalala.

Binti yangu wa kidato cha tatu aliinama akachungulia. "Baba, zote zimeelekeza uso mmoja. Si inabidi zipishane?"

Nikazibandua. Nikazibandika upya, hii hivi, hii vile. Kwa haraka sikungoja gundi ikauke. Nilipofika kasi nzuri, kipande kimoja kilivutwa na chuma cha katikati, kikabanduka, bumba likasimama ghafla, na mkanda wa tyubu ukachomoka, ukapita juu ya kichwa cha mwanangu mdogo na kutua kwenye sufuria ya maharage. Tulikula. Hakuna aliyesema kitu, na kimya kile kilikuwa kirefu kuliko mgao.

Wiki ya tatu, vipande vikiwa vimebandikwa upya na gundi imekauka, mama mkwe akaja kutusalimia. Giza likaingia, nikazungusha, na taa ya wati 5 ikapepesa mara mbili, ikawaka! Watoto wakapiga vigelegele. Nikaamuru taa ya pili, kisha ya tatu, na hapo pedali ikawa nzito kama inazungushwa ndani ya uji. Nikadhani mnyororo umekauka. Nikatia mafuta. Ikawa vile vile.

"Mkwe, hebu nipishe," akasema mama mkwe. Nikasogea upesi, maana sikuwa na uso wa kumkatalia wala wa kumtazama akifanya kazi yangu. Akavuta kigoda, akafunga kanga vizuri, akashika pedali.

"Toeni taa zote." Pedali ikateleza.

"Tieni moja. Haya, ya pili. Ya tatu." Akaanza kucheka mwenyewe. "Hili si jiwe la kusagia? Likiwa tupu linakwenda lenyewe. Tia mtama uone."

Mwanafizikia Heinrich Lenz aliliandikia jambo hilo kanuni mwaka 1834. Mimi nilikuwa naitafuta kwenye mnyororo.

"Na pasi je?" mke wangu akauliza kutoka gizani. Binti akapiga hesabu kwa sauti: pasi wati 1000, mtu mwenye misuli akikanyaga bila kuchoka hutoa wati 100 hivi. Watu kumi, baiskeli kumi, kwa shati moja la Baba.

Mama mkwe alikuwa bado anazungusha, na sisi tumezizunguka taa zetu tatu, mtaa mzima ulipolipuka kwa kelele: "Umeruuudi!" Nyumba ikajaa mwanga. Mke wangu akafuta jasho, akanyoosha mkono ukutani kwa mazoea, akabonyeza swichi ya pangaboi.

Sote tukainua macho. Darini palikuwa na ndoano.

Mama mkwe akaiacha pedali, akashika pindo la kanga yake, akaanza kujipepea taratibu.