Kaizari na mipaka yake

Kaizari ni mbwa wa jamii ya berger allemand, amezaliwa achunge kondoo, na sisi huku Annexe kondoo hatuna. Tuna kuku wa jirani, watoto wa shule, wauza makala na wajomba. Basi anachunga hao hao.

Mtu atasema nimfunge. Tulimfunga; mnyororo, msumari na kipande cha ubao vikamfuata hadi barabarani. Dume la jamii hii lina kilo 30 hadi 40, na kilo hizo zikiamua kwenda mahali, zinakwenda.

Lawama zimwendee Max von Stephanitz, afisa wa jeshi la farasi huko Ujerumani, ambaye mwaka 1899 alinunua dume mmoja, akampa jina la Horand von Grafrath, akaanzisha chama cha kuendeleza ukoo wake. Kazi ya mbwa hao kwao ilikuwa kushinda wakitembea ukingoni mwa shamba, kwenda na kurudi, ili kondoo wale majani bila kugusa mazao ya watu. Yaani mbwa ndiye ua.

Sasa mlete huyo Annexe, komuni inayouzunguka mji wa Lubumbashi, ambako viwanja vinakatwa kila leo na nyumba huanzia kwenye kichuguu: unakibomoa, unafyatua matofali, unayachoma, unajenga. Kiwanja chetu hakijapata ukuta (bei ya saruji tuiache). Kaizari akajipimia mwenyewe. Alipita pale pale kila siku hadi majani yakafa, kikatokea kijia chekundu kilichonyooka, na kona zake. Shida ni kwamba mpapai wa jirani ulijikuta upande wetu.

Jirani akaja na karatasi zake, nami nikatoa zangu. Zote zina mihuri, na hazipatani. Shefu wa mtaa akazisoma, akakitazama kijia, akauliza:

"Hapa ni nani alipima?"

"Ni imbwa, papa."

Akainama, akachungulia ile kona ya mpapai kwa jicho moja, akasema angalau huyu amefika mwenyewe kwenye kiwanja. Kesi haijaisha. Kaizari analala chini ya mpapai.

Wauza makala ndio wanaonitia aibu. Wanatoka porini alfajiri wakisukuma baiskeli, magunia yamepita kichwa cha mwenyewe, na baiskeli ile ukiisimamisha ghafla inakulalia. Kaizari hawaumi. Anawazunguka, kisha anamsogeza kwa bega yule aliyebaki nyuma, awafikie wenzake.

"Papa, imbwa yako iko nauma?"

"Hapana, iko nachunga tu."

Jibu hilo halijamfurahisha hata mmoja.

Chakula chake ni bukari na vichwa vya samaki. Zambia ikizuia mahindi yake, unga unapanda, na mke wangu anaanza kumtazama Kaizari kwa jicho la mhasibu. Halafu manyoya: baridi ikiisha anapukutisha yale ya ndani, yanaruka na vumbi jekundu la mwezi wa nane, yanatua sufuriani. Mama mkwe aliwahi kuvuta unywele kwenye tonge. Ukaja, ukaja, ukazidi kuja. Hakusema kitu. Aliuweka ukingoni mwa sahani, sote tuuone.

Nilikuwa karibu kumgawa, ndipo ukoo ukakutana kwetu kuchangia harusi ya mpwa wangu. Mjomba mmoja, bingwa wa kupotea kabla sahani ya mchango haijamfikia, akaaga kwamba anakwenda msalani. Msala uko nyuma ya nyumba. Yeye akashika njia ya barabara. Kaizari akainuka. Hakubweka. Akamtangulia, akamwegemea gotini, mjomba akajikuta amegeuka. Akajaribu upande wa mpapai, wakakutana huko. Ukoo mzima umenyamaza, unatazama.

"Mukamate imbwa yenu!"

"Changia kwanza, mujomba," mke wangu akamjibu, sahani mkononi.

Tangu hapo wakubwa wa ukoo wanataka kila mkutano uwe kwetu. Mjomba peke yake ndiye anayesema Annexe ni mbali.